Pilipili Ilinipeleka Shambani

Mchoro wenyewe si mkubwa. Ukiulaza mezani, gazeti lililokunjwa mara moja linaufunika wote. Ndani yake wamo samaki saba ambao magamba yao yamechorwa moja moja kwa ncha ya brashi, wakipita katikati ya matete ya mtoni yasiyo na kivuli wala umbali, juu ya rangi ya udongo uliolowa. Kwa zaidi ya miaka arobaini ulitundikwa sebuleni kwa mjomba wangu, hapa Lubumbashi katika komine ya Kamalondo, juu ya redio iliyonyamaza kabla mimi sijajua kusoma. Mjomba alipotutoka, ndugu waligawana viti na vyombo, nami, kwa kuwa nina sifa ya kupenda vitabu, nikapewa mchoro pamoja na swali lake: nani aliuchora? Chini upande wa kulia zinaonekana herufi nne, PILI, na baada yake unyevu wa masika mengi umekula rangi yote.

Wengi waliokulia mji huu wangetoa jibu papo hapo. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2007, alikuwa mmoja wa wachoraji wa karakana iliyoitwa Le Hangar, ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mwaka 1946, na samaki, ndege na wanyama wa porini ndio waliomjengea jina. Lakini tangu utotoni nimeona samaki na swala wa mtindo huohuo wakiuzwa kandokando ya barabara, kwa hiyo najua kwamba herufi nne si ushahidi. Ndiyo maana nilianza kwenda kwenye maktaba ya chuo kikuu kila Jumatatu na Alhamisi baada ya kufundisha, na ndiyo maana ninaandika haya, kwa sababu niliyojifunza huko kuhusu namna ya kutafuta yamenifaa kuliko niliyoyapata kuhusu samaki wenyewe.

Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kompyuta ya katalogi, nikaandika neno moja tu, pilipili. Nikaletewa kilimo cha pilipili, wadudu wa pilipili na ukaushaji wa pilipili. Nikaandika hangar, nikapata ujenzi wa viwanja vya ndege. Nikajaribu Bela, mwenzake Pilipili katika karakana ileile, nikaletewa Béla Bartók, mtunzi wa muziki wa Hungaria, ambaye ninamheshimu lakini hakuwa na desturi ya kupaka rangi kwa ncha za vidole kama Bela wetu. Mkutubi wa zamu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameniangalia kwa muda.

"Mwanangu," akaniuliza, "unatafuta muntu, ao unatafuta pilipili ya kulia bukari?"

Nikacheka, maana bukari ni ugali wetu, nikamsimulia habari ya mchoro. Akafungua droo, akanipa karatasi tupu.

"Basi, mashini uiache kwanza. Uniandikie majina yake yote. Ya muntu, ya mji, ya inchi. Mashini haijue kama tulibadilisha majina."

Karatasi ile ninayo mpaka leo, na imejaa pande zote mbili. Anayetafuta habari za mchoraji wa Paris anaweza kutegemea jina moja, mji mmoja na nchi moja. Sisi hatuna raha hiyo. Mji huu ulikuwa Élisabethville hadi mwaka 1966, na watu walilifupisha jina hilo kuwa E'ville, huku vitabu vya Kiholanzi vya Wabelgiji vikiuita Elisabethstad. Jimbo lilikuwa Katanga, likawa Shaba mwanzoni mwa miaka ya 1970, likarudi kuwa Katanga mwaka 1997. Nchi ilikuwa Congo ya Wabelgiji, ikawa jamhuri, ikawa Zaire mwaka 1971, kisha ikarudia jina lake. Katika siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, mwaka 1972, watu waliacha majina yao ya ubatizo, kwa hiyo mchoraji mmoja anaweza kuwa na jina la Kikristo katika gazeti la mwaka 1958 na asiwe nalo kabisa katika kitabu cha mwaka 1975.

Nitatoa mfano mmoja ili nieleweke. Mwaka 1976 Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walitoa makala ndefu kuhusu wachoraji wa mitaani wa mji huu, makala ambayo hakuna mwanafunzi wa sanaa yetu anayeweza kuikwepa. Kichwa chake kinataja Shaba na Zaire, hakitaji Lubumbashi wala Katanga. Anayeandika "Lubumbashi" katika sehemu ya kichwa atapita kando yake bila kujua kwamba ameiacha nyuma. Anayeandika "Shaba" peke yake naye atafunikwa na madini pamoja na vita vya mwaka 1977 na 1978, na kwa sisi tunaosema Kiswahili kuna kichekesho cha ziada, kwamba jina la jimbo na jina la madini ni neno lilelile.

Majina ya wachoraji yana matatizo yake. Pilipili nimemkuta akiandikwa kwa neno moja, kwa maneno mawili, kwa kistari katikati, na huyo Mulongoy wake mara ametangulia, mara amefuata, mara ameongezewa herufi mwishoni. Bela huitwa Bela Sara, na Sara ni jina la watu wa kwao upande wa Chad, ambalo ni rahisi kulichukua kama jina la ukoo na kumpanga chini ya herufi S. Mwenze Kibwanga, yule aliyejenga picha zake kwa mistari mifupi mifupi kama nyuzi za mkeka, inabidi umtafute chini ya M na chini ya K. Mwalimu wao mwenyewe anapatikana chini ya Romain-Desfossés, na nisipompata hapo ninakwenda kwenye D. Mchoraji mwingine, Mode Muntu, alikuwa na jina refu, Modeste Ngoie Mukulu Muntu, na ole wake anayeandika "Muntu" peke yake, kwa sababu jioni itamkuta katikati ya falsafa ya Kibantu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi, alitia sahihi ya Tshibumba K.M., na baadhi ya watafiti humfupisha kuwa TKM.

Baada ya karatasi kujaa ndipo nilipoirudia kompyuta. Kanuni za kuunganisha maneno ni chache, na yeyote anayetumia katalogi za Kifaransa atazikuta kwa jina la ET, OU na SAUF, yaani na, au, na isipokuwa. Majina yote ya kitu kimoja unayaunganisha kwa OU ndani ya mabano, kisha fungu moja unaliunganisha na fungu jingine kwa ET. Kwa hiyo swali langu lilikuwa na mafungu matatu: fungu la mchoraji lenye tahajia zake zote, fungu la mahali lenye Élisabethville, Elisabethstad, Lubumbashi, Katanga na Shaba, na fungu la jambo lenyewe, yaani uchoraji kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kiswahili: peinture, schilderkunst na uchoraji. Jina la maneno mawili linafungwa kwa alama za kunukuu ili lisitawanyike. Alama ya nyota mwishoni mwa shina la neno inaleta miisho yake yote, hivyo peint* inaleta peinture pamoja na peintre, yaani uchoraji pamoja na mchoraji. SAUF ninaitumia kwa hofu. Nilipoondoa kila kilichotaja kilimo, niliondoa pia bila kukusudia kitabu kimoja cha maonyesho ambacho muhtasari wake ulitaja maisha ya mashambani. Mabano na nyota havifanyi kazi kwa namna moja katika kila katalogi, kwa hiyo jaribu kwanza kwa jina ambalo una hakika kwamba limo.

Jambo jingine lililonisaidia ni kuacha kutafuta mchoraji na kutafuta kile kilichomzunguka. Katika sanaa ya hapa, mtu mmoja mara chache huandikiwa kitabu kizima, ila karakana, chuo na maonyesho huandikiwa. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na wachoraji wake wakahamia kwenye chuo cha sanaa ambacho Mbelgiji Laurent Moonens alikianzisha hapa mwaka 1951. Kwa hiyo jina la Moonens likaingia kwenye karatasi yangu, na kupitia kwake nikapata kurasa zinazomhusu Pilipili ambazo jina lake mwenyewe halikunipa. Katalogi za maonyesho nazo ni hazina, hasa ile ya maonyesho ya Fondation Cartier ya Paris ya mwaka 2015, iliyoanzia mwaka 1926 na rangi za maji za Albert Lubaki wa Bukama na kuja hadi siku zetu, kwa sababu chini ya kila picha kuna vipimo, mwaka, rangi iliyotumika na mwenye mali. Vipimo si urembo. Mtu anayelinganisha mchoro wa nyumbani kwao na ule wa kitabuni bila futi ya kupimia anajidanganya.

Kuhusu rafu nitasema machache. Katika maktaba inayotumia mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, wengi huenda moja kwa moja kwenye 750, yaani uchoraji, na wakikuta wachoraji wa Flandria na Italia wanarudi nyumbani. Kitabu kuhusu wachoraji wetu kinaweza kuwa 759 pamoja na tarakimu za nchi, au 709.6751 ambayo ni sanaa ya Congo kwa ujumla, au kikawa kimepelekwa kwenye historia ya Congo, 967.51, au kwenye elimu ya jamii, kwa sababu aliyekipanga aliona kwamba mwandishi ni mwanaanthropolojia. Hata kitabu cha mwaka 1996 ambamo Johannes Fabian alichapisha michoro mia moja na mmoja ya Tshibumba kuhusu historia ya nchi, mkutubi mmoja atakiita sanaa na mwingine atakiita historia, na wote wawili watakuwa na haki. Ukipata kitabu kimoja kizuri, usishike hicho tu. Soma migongo ya vitabu vya kushoto na kulia kwake, kisha angalia katika katalogi vichwa vya mada kilivyopewa, uvitumie hivyo kama maneno yako mapya ya kutafutia.

Usidharau makabati ya fishi pia, yaani kadi za katalogi ya zamani. Siku nilipofungua droo ya herufi P nilikuta kadi zilizopigwa taipu, kingo zake zimekuwa laini kama kitambaa, na kwenye kadi tatu zinazofuatana mihuri mitatu ya chuo kilekile: Université officielle du Congo, kisha UNAZA, kisha UNILU. Hata maktaba imebadilisha jina mara kadhaa, nikawaza, ndiyo maana inatuelewa. Nyuma ya kadi moja mtu alikuwa ameandika kwa penseli namba ya ukurasa. Vitu kama hivyo havikuingizwa kwenye kompyuta. Halafu ziko kazi za wanafunzi, zile tunazoziita memwari, ambazo hazikuchapishwa popote na hazipatikani kwenye intaneti, lakini baadhi ya waliozitunga walikwenda kwa wachoraji wenyewe enzi za uhai wao na kuwauliza maswali ana kwa ana. Kwa maoni yangu, ukurasa mmoja wa mahojiano ya namna hiyo unashinda sura nzima ya mtu aliyeandika kutoka Ulaya, hata kama Kifaransa chake kina makosa.

Naomba nitoke kidogo kwenye uchoraji, kwa sababu mwenzangu wa shuleni aliniletea picha ya sanamu ya kiti cha Waluba na kuniuliza kama mbinu zilezile zinafaa. Zinafaa, ila mtego wake ni mwingine: kwenye sanamu, jina linalobadilika ni la kabila. Sanamu nyingi za wahenga zinazoitwa leo za Wahemba ziliandikwa zamani kuwa za Waluba, na kitabu kikubwa cha François Neyt kilichozitenganisha ni cha mwaka 1977. Maana yake ni kwamba ukitafuta "Hemba" peke yake, unapoteza karibu kila kitu kilichochapishwa kabla ya hapo, kikiwamo kile kitabu cha Frans Olbrechts kuhusu sanamu za Congo, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1946 na kwa Kifaransa mwaka 1959. Olbrechts ndiye aliyetambua kwamba kundi la sanamu zenye nyuso ndefu zenye huzuni linatokana na mkono mmoja, na kwa kuwa hakuwa na jina akamwita bingwa wa Buli, kwa jina la kijiji. Siku hizi makumbusho huongeza jina la mtu, Ngongo ya Chintu, kwa tahadhari. Basi andika yote mawili, na uandike Luba, Baluba, Hemba na Bahemba, kwa sababu kiambishi kile cha wingi ambacho sisi hatukioni kwa kukizoea, mashine inakiona kuwa neno jingine kabisa.

Kuna chanzo kimoja ambacho nilikaribia kukikosa kwa kudhani kwamba sanaa husomwa kwa Kifaransa na Kiingereza tu. Mazungumzo ya Fabian na Tshibumba, ya mwaka 1973 na 1974, yalifanyika kwa Kiswahili cha hapa, na yamewekwa kwenye intaneti katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida, bila malipo. Nilipoyasoma niliisikia sauti ya mitaa yetu ya Kamalondo na Katuba, na nikaelewa kwamba wachoraji walikuwa na maneno yao ya kuainisha kazi zao. Neno kubwa ni ukumbusho. Mchoro wa askari akimchapa mfungwa fimbo mbele ya mzungu, wenye maandishi ya Colonie belge na miaka 1885 hadi 1959, haukutundikwa sebuleni kwa uzuri wake, ulikuwa ukumbusho. Tangu hapo ukumbusho ni neno langu la kutafutia, na limenipa makala ambazo neno peinture halikunipa, kwa kuwa waandishi wengi wanaliacha katika Kiswahili chake ndani ya sentensi za lugha nyingine.

Hifadhidata za nje ninazitumia, lakini zije baadaye. Jarida la African Arts, linalotolewa Marekani tangu mwaka 1967, lina makala nyingi kuhusu nchi hii, na katalogi ya pamoja ya WorldCat inakuonyesha kitabu kipo wapi duniani. Orodha ya Getty ya majina ya wasanii ni ya bure nayo inakusanya tahajia mbalimbali za msanii mmoja, jambo ambalo lingeniokolea nusu ya karatasi yangu kama ningelijua mapema. Tovuti ya Persée ina majarida ya Kifaransa ambayo hayahitaji malipo. Ninakwenda huko nikiwa na karatasi iliyojaa, asubuhi, kabla umeme haujakatika.

Wiki ya nne mkutubi yule aliniuliza swali ambalo ningepaswa kulijibu kabla ya kutoka nyumbani.

"Na mugongo yake? Uliuangalia?"

Sikuwa nimeuangalia. Jioni ile nililaza mchoro kifudifudi juu ya shuka, nikang'oa misumari minne midogo iliyoshika kutu, na kartoni ya nyuma ikatoka pamoja na vumbi la miaka na bawa moja la mende. Ubao ulikuwa wa nyuzi zilizobanwa, wa rangi ya chai. Kwenye kona ya juu kulikuwa na maandishi ya penseli ambayo mwanga wa taa ya simu uliyaonyesha kwa shida: namba 38, na chini yake "E'ville 53".

Namba peke yake haisemi kitu. Inaweza kuwa namba ya maonyesho, au ya muuzaji, au ya seremala aliyetengeneza fremu. Lakini 53, ikiwa ni mwaka, inatangulia kifo cha Romain-Desfossés, na inanipa mahali pa kutafuta ambapo si kitabu: L'Essor du Congo, gazeti lililotoka katika mji huu tangu mwaka 1928, ambalo lilikuwa na kawaida ya kutangaza maonyesho ya mjini. Magazeti hayana kichwa cha mada wala nyota wala mabano. Unafungua ukurasa, unasoma, unafungua unaofuata.

Alhamisi iliyopita yule mama mkutubi aliniletea juzuu la nusu ya kwanza ya mwaka 1953, limefungwa kwa utepe mweupe kwa sababu mgongo wake umeachana na kurasa. Aliliweka mezani kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimenawa. Nimefika katikati ya Machi.